Kengele, Daftari na Ghala
Somo la historia: kanisa katika maisha ya kila siku, Ulaya ya zamani na hapa kwetu Uluguru



Hapa Kingolwira siku ya mtu huongozwa na sauti nyingi. Kuna adhana ya alfajiri. Kuna kengele ya kanisa. Kuna kengele ya shule, na honi ya treni inayopita stesheni. Tumezizoea mno, hata hatuulizi: nani alianza kuipanga siku yetu namna hii? Na yule anayeshika kamba ya kengele ana nguvu gani juu ya yule anayeisikia?

Katika somo hili tutasoma jinsi kanisa la Kikristo lilivyoingia katika kazi, chakula, ndoa na shamba la mtu wa kawaida. Hatusomi ili kumvuta mtu aingie dini fulani wala atoke. Sisi tumechanganyika. Waislamu wapo, Wakristo wapo, na mila za wazee zipo. Tunasoma historia ili tujue tulikotoka.

Tutaangalia vitu vitatu tu: kengele, daftari na ghala. Kengele hutawala wakati. Daftari hutawala majina na elimu. Ghala hutawala mali. Kwa kila kimoja tutaanza na Ulaya ya zamani, halafu tutarudi nyumbani.

ZAMA ZA KATI NI LINI?

Wanahistoria wa Ulaya huigawa historia yao katika vipindi. Miaka ya tangu 500 hivi mpaka 1500 hivi huitwa Zama za Kati. Wakati huo watu wengi sana wa Ulaya ya magharibi walikuwa wakulima. Nyumba zao nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa nyasi. Walichota maji, walikata kuni, walingoja mvua na kuogopa njaa. Hayo tunayajua. Wengi walilima ardhi ya bwana mkubwa, wakamlipa kwa kazi na kwa mazao. Kusoma hawakujua.

Kila kijiji, au vijiji vichache pamoja, vilikuwa na kanisa na padre. Eneo hilo liliitwa parokia. Neno hilo tunalo mpaka leo.

Tusidhani kwamba wakati huo Afrika ya Mashariki ilikuwa imelala. Pwani yetu, kazi ambayo Ulaya ilifanywa na kanisa, huku ilifanywa na msikiti. Kilwa kulikuwa na msikiti mkubwa wa mawe ulioanza kujengwa miaka ya 1000 na kupanuliwa baadaye. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasimulia jinsi sultani alivyokuwa mkarimu kwa maskini. Na Ukristo wenyewe ulikuwako Afrika zamani sana. Ethiopia mfalme Ezana alikuwa Mkristo katika miaka ya 300. Miaka ya 1200 hivi watu wa huko walichonga makanisa ndani ya mwamba, mahali panapoitwa Lalibela. Makanisa hayo 11 yangaliko, na watu wangali wanasali humo.

Uluguru, kanisa lilifika baadaye. Hebu tuone lilivyofika.

MISHENI ILIVYOFIKA KWETU

Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifika Unguja mwaka 1863. Mkubwa wao alikuwa Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 walivuka wakaanzisha misheni Bagamoyo. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mapadre walinunua watoto sokoni ili kuwatoa utumwani. Wengine waliletwa kwao baada ya kuokolewa kwenye majahazi. Watoto hao walilelewa misheni. Walifundishwa dini, kilimo, useremala na uashi.

Walipokua walioana. Halafu mapadre walifuata njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, wakaenda na baadhi ya vijana hao kuanzisha vijiji vipya. Mhonda, katika milima ya Nguru, ilianza mwaka 1877. Misheni ya Morogoro, chini ya milima yetu, ilianza mwaka 1882. Tununguo ikafuata mwaka 1884, na Matombo mwaka 1897.

Basi tukumbuke jambo hili. Wakristo wa kwanza wa sehemu zetu wengi hawakuwa Waluguru. Walikuwa watu waliong'olewa kwao na utumwa: Wayao, Wanyasa na wengine wengi. Hawakuwa na ukoo hapa, wala shamba la mjomba, wala kaburi la babu. Misheni ndiyo ilikuwa ukoo wao. Kwa hiyo misheni iliweza kupanga maisha yao yote, tangu asubuhi mpaka usiku.

1. KENGELE

Ulaya ya Zama za Kati mkulima hakuwa na saa. Saa yake ilikuwa jua, na kengele ya kanisa. Kengele ililia asubuhi, mchana na jioni. Mahali pengi ya usiku iliwaambia watu wafunike moto jikoni, maana nyumba za nyasi zikishika moto, kijiji kizima huteketea. Kengele ililia mtu alipokufa. Ililia adui alipokuja. Watu wengine waliamini hata kwamba kengele hufukuza radi.

Watawa, yaani watu walioacha ndoa na mali ili wakae pamoja na kusali, walikwenda kwa kengele kuliko wote. Mnamo mwaka 530 hivi Benedikto wa Italia aliwaandikia sheria. Walisali mara saba mchana na mara moja usiku, na kati ya sala walifanya kazi kwa mikono yao. Kugawa siku katika saa zinazojulikana kulitiwa nguvu na watu hao. Miaka ya 1200 ilipokuwa inaishia, saa za mashine zilianza kuwekwa katika minara.

Mwaka nao ulikwenda kwa kanisa. Jumapili hakuna kazi. Siku za watakatifu hakuna kazi, na katika sehemu nyingi siku hizo zilifika 40 au zaidi kwa mwaka. Uingereza siku ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, mavuno yamekwisha, watu walilipa kodi na kufunga hesabu. Wakati wa Kwaresima, siku 40 kabla ya Pasaka, nyama ilikatazwa. Watu walikula samaki, na watawa wengi wakachimba mabwawa ya kufugia samaki. Kingolwira tunaijua kazi ya mabwawa ya samaki. Ulaya sababu moja ya kuyachimba ilikuwa mfungo.

Je, kengele hiyo ilikuwa mzigo au msaada? Ilikuwa yote mawili. Ilimwamuru mkulima. Lakini pia ilimpumzisha. Bwana wa shamba angependa watu wake walime kila siku. Kanisa likasema: leo sikukuu, jembe chini. Mnyonge akapata siku yake.

Tuje Uluguru. Kabla ya misheni wakati haukukosa mwenyewe. Kinole alikuwako Kingalu, mkuu wa mvua. Watu walimpelekea zawadi ili mvua inyeshe kwa wakati. Kulikuwa na pango la Kolelo katika milima yetu, ambako hata Wazaramo na Wakwere walituma watu kuomba mvua. Wazee wa ukoo walijua siku ya kutambika makaburini. Kalenda ilikuwapo, ila haikuandikwa.

Katika vijiji vya misheni kengele iliingia. Iliamsha watu, ikawaita kwenye sala, ikawapeleka kazini, ikawarudisha. Siku nyingine walifanya kazi mashamba ya misheni, siku nyingine mashamba yao wenyewe. Wako waliopenda. Walipata usalama, na wakati ule mtu aliyetembea peke yake aliweza kukamatwa na kuuzwa tena. Wako waliochoka. Mtu aliyetoka utumwani akiamshwa kwa kengele na kulazwa kwa kengele, alijiuliza: uhuru wangu uko wapi? Wengine walinung'unika, wengine walitoroka wakaenda kujitafutia maisha pwani au kwa wakuu wengine. Historia inayakumbuka mambo hayo, na sisi hatuna sababu ya kuyaficha.

Baadaye zikaja kengele nyingine. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Yakaja mashamba ya mkonge. Likaja gereza. Mtu wa Kingolwira akajifunza saa ya treni, saa ya zamu na saa ya shule. Kengele ya kazi ya mkonge haikumwita mtu kusali. Ilimwita kukata majani na kuyahesabu. Lakini kabla ya hapo, katika vijiji vya misheni, kazi ya saa kwa saa ilikuwa imekwisha anza.

2. DAFTARI

Sasa tuje kwenye kitabu. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, jambo hili linatuhusu sana.

Ulaya ya Zama za Kati sala za kanisa zilikuwa kwa Kilatini. Mkulima wa Ufaransa au Ujerumani hakukielewa. Alisikiliza, akapiga magoti, akaitikia. Mafundisho mengine alisikia kwa lugha yake kutoka kwa padre. Mengine aliyaona ukutani. Kuta za makanisa mengi zilichorwa picha: kuzaliwa kwa Yesu, watakatifu, siku ya hukumu, wema wakienda huku na wabaya wakienda kule. Picha ndiyo ilikuwa kitabu cha asiyejua kusoma.

Kwa hiyo aliyejua kusoma alikuwa na nguvu. Barua ya mfalme ilisomwa na padre. Wosia uliandikwa na padre. Mwaka 1215 mkutano mkubwa wa kanisa huko Roma uliamua kwamba kila Mkristo aungame dhambi zake angalau mara moja kwa mwaka. Mkutano ule ule uliagiza kwamba ndoa itangazwe kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye pingamizi aseme. Ulikataza pia watu wa ukoo wa karibu wasioane. Basi kanisa likaingia mpaka ndani ya nyumba: nani amwoe nani, nani ni mtoto wa ndoa, nani azikwe wapi.

Baada tu ya Zama za Kati, mwaka 1563, kanisa Katoliki liliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo na la ndoa. Tunapoona padre au katekista anaandika jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi, amri hiyo ndiyo anayoifuata.

Uluguru daftari hilo lilikutana na mila yenye nguvu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba la ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ana sauti kubwa, wakati mwingine kuliko baba. Kanisa lilikuja na mafundisho yake: mume mmoja, mke mmoja, na baba ndiye kichwa cha nyumba. Baadhi ya wazee walipenda kijana aoe binamu yake, ili ukoo na ukoo zizidi kushikana. Kanisa likasema hapana, ni ndugu wa karibu mno, mpaka ipatikane ruhusa.

Na mwali je? Msichana wa Kiluguru alipovunja ungo aliwekwa ndani, na zamani alikaa muda mrefu sana akifundishwa na wakubwa. Misheni ilitaka asome shule. Hapo pakawa na mvutano. Wazazi waliona mtoto anaharibiwa. Mapadre waliona mtoto anafichwa. Katikati alikuwako msichana mwenyewe, ambaye mara nyingi hakuulizwa.

Sehemu nyingine za nchi yetu mvutano kama huo ulitafutiwa njia. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa kanisa la Anglikana hakutaka jando lifutwe. Alilichukua akaliweka ndani ya kanisa, likawa na sala zake. Wako waliomsifu na wako waliomlaumu. Lakini mfano wake unaonyesha kwamba kanisa nalo lilibadilishwa na wenyeji, si wenyeji tu waliobadilishwa na kanisa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Tumesema Kilatini kilikuwa cha Zama za Kati. Lakini Matombo, Mgeta na Morogoro, misa ilikuwa kwa Kilatini mpaka miaka ya 1960! Mahubiri, katekisimu na nyimbo nyingi zilikuwa kwa Kiswahili, lakini sala za misa zenyewe zilikuwa kwa Kilatini. Wazee wa Uluguru waliitikia kwa moyo maneno waliyoyashika kichwani bila kujua maana yake moja moja, kama mkulima wa Ufaransa wa mwaka 1300. Mabadiliko yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika Roma kuanzia mwaka 1962 mpaka 1965. Baada ya hapo misa ikawa kwa Kiswahili.

Lakini hata kabla ya hapo wamisionari walifanya kazi kubwa katika lugha yetu. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilichapwa mwaka 1891, kwa kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere wa kanisa la Anglikana. Padre Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kuchapwa mwaka 1939. Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Kuingia dini na kujua kusoma vilikwenda pamoja.

Shule pia zilikwenda hivyo. Katekista alifundisha a, e, i, o, u chini ya mti, pamoja na sala. Hapo palikuwa na faida na palikuwa na ubaya. Faida, watoto wengi walipata kusoma kabla serikali haijawafikia. Ubaya, mtoto wa Kiislamu aliyetaka shule mara nyingi alikuta mlangoni pa shule pana dini ya watu wengine, na wazazi wengi wakamzuia. Jambo hilo liliacha kidonda katika nchi yetu. Ndiyo moja ya sababu serikali, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ilizichukua shule nyingi za misheni ili ziwe za watoto wote. Na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kitabu kikatoka mikononi mwa wachache.

3. GHALA

Ulaya ya Zama za Kati mkulima alitoa zaka. Zaka ni fungu la kumi. Ukivuna miganda kumi ya ngano, mmoja wa kanisa. Wakizaliwa wanakondoo kumi, mmoja wa kanisa. Hata mayai yalihesabiwa. Halikuwa jambo la hiari tu. Mwaka 779 mfalme Karolo Mkuu aliamuru zaka itolewe katika nchi zake zote. Mahali pengi yalijengwa maghala makubwa ya zaka, mengine yanaonekana mpaka leo.

Zaka ilikwenda wapi? Kwa desturi ya kanisa ilipaswa kumlisha padre, kutengeneza jengo, kumsaidia askofu na kuwalisha maskini. Na kweli, mwaka wa njaa watu walikwenda mlangoni pa watawa kupata mkate. Wagonjwa, wazee na wasafiri walipokewa katika nyumba za watawa. Hospitali nyingi za kwanza za Ulaya zilitoka humo.

Lakini ghala likijaa, macho hufuata. Kanisa likawa mwenye ardhi mkubwa kuliko mabwana wengi. Zaka za vijiji vingine ziliishia mikononi mwa watu wa mbali ambao hawakumjua hata maskini mmoja wa pale. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani ya kusini waliandika madai yao 12. Walitaka wao wenyewe wamchague mchungaji wao. Walikubali kutoa zaka ya nafaka, ila walitaka ikae pale pale: imlishe mchungaji, iwasaidie maskini, na inayobaki iwekwe akiba. Juu ya zaka hiyo hawakusema hatutoi. Walisema tujue inakwenda wapi. Madai yao hayakusikilizwa. Walipigana, wakashindwa, na maelfu mengi waliuawa.

Uluguru mambo ya kutoa tuliyajua kabla ya misheni. Mgeni aliyelima ardhi ya ukoo mwingine alitoa ngoto kwa mkuu wa ukoo huo. Ngoto ilikuwa kidogo, lakini maana yake ilikuwa kubwa: nakubali kwamba ardhi hii ina wenyewe. Kingalu naye alipelekewa zawadi kwa ajili ya mvua. Kwa hiyo padre alipofundisha habari ya kutoa, hakuleta jambo geni kabisa. Lilibadilika jambo moja, yaani kinakopelekwa.

Misheni ililima, na kilimo chake kiliacha alama. Mapadre wa Bagamoyo walipanda minazi, vanila na kahawa. Mbegu ya kahawa waliileta kutoka kisiwa cha Réunion, na kutoka misheni hadi misheni ikafika mpaka Kilimanjaro. Misheni ya Morogoro nayo ilipanda kahawa. Mafundi waliofunzwa misheni walichoma matofali, walichonga milango na kujenga nyumba hata za watu wasio Wakristo.

Na hospitali je? Mkoa wetu wa Morogoro unazijua: ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara, ya Turiani karibu na Mhonda, na ya Waanglikana kule Berega. Mgolole, jirani zetu, ndiko makao ya Masista wa Moyo Safi wa Maria. Masista hao ni Waafrika, na wamefundisha watoto na kuuguza wagonjwa kwa miaka mingi. Mgonjwa akifika hospitali hizo haulizwi kwanza dini yake. Hapo kazi ya zamani ya watawa inaendelea, na ni kazi njema.

Hata hivyo ghala lilileta maswali kwetu pia. Shamba la misheni lilikuwa na mpaka, na mpaka ulichorwa kwenye karatasi. Mzee wa ukoo alijua mpaka kwa mto, mti na kaburi. Mwenye karatasi na mwenye kaburi wakigombana mbele ya serikali, aliyejua kusoma alitangulia. Si kwa misheni tu. Ilikuwa hivyo kwa mashamba ya mkonge na kwa mengine mengi.

NANI ANASHIKA KAMBA?

Tukiviweka vitu hivi vitatu pamoja tunaona jambo moja. Kanisa liliingia katika maisha ya kila siku, Ulaya na Uluguru, kwa sababu lilileta vitu ambavyo watu walivihitaji: wakati wa kupumzika, jina lililoandikwa, elimu, dawa, chakula siku ya njaa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini vitu hivyo vilimfaa mwenyeji zaidi pale yeye mwenyewe alipopata kuvishika. Mkulima wa Ulaya alitoa zaka miaka mingi bila kuweza kusoma daftari la zaka. Aliitikia sala bila kuielewa. Alipopata kitabu kwa lugha yake, alianza kuuliza.

Hapa kwetu nako ilikuwa hivyo. Jimbo la Morogoro liliundwa mwaka 1953, na askofu wake alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Baadaye alikuja Askofu Adriani Mkoba, Mwafrika. Makatekista, masista na mapadre wakawa watoto wa vijiji hivi hivi. Ndoa pia ina njia zaidi ya moja sasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ndoa ya kiserikali na ndoa ya kimila.

Wazee walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi tunaongeza: daftari bila wasomaji ni mali ya mwandishi peke yake. Ikiwa ni parokia, msikiti, chama cha ushirika au serikali ya kijiji, hesabu ikibandikwa ukutani tuisome. Cheti cha ubatizo, cha ndoa au cha kuzaliwa tukipewa, tusome kabla ya kukifungia sandukuni. Jina likikosewa herufi moja, mtoto atasumbuka miaka ishirini baadaye. Risiti ya mchango tuidai na tuitunze. Kufanya hivyo si kukosa heshima kwa viongozi wa dini. Kiongozi mwema hufurahi watu wake wakisoma.

MUHTASARI

1. Zama za Kati za Ulaya ni miaka ya 500 hivi mpaka 1500 hivi. Kanisa liliongoza wakati, ndoa, elimu na sehemu ya mali ya watu.
2. Wakati huo pwani yetu iliongozwa na msikiti, na Ethiopia ilikuwa na kanisa lake.
3. Uluguru misheni ilianza Morogoro mwaka 1882, na Wakristo wa kwanza wengi walikuwa watu waliotolewa utumwani.
4. Kanisa lilikuta mila zenye nguvu: ukoo wa mama, mwali, ngoto, Kingalu. Nyingine zilivutana nalo, nyingine zilikaa nalo.
5. Kusoma humwezesha mtu kuwa na sauti katika dini yake na katika kijiji chake.

MANENO YA KUJIFUNZA

Parokia: eneo lenye kanisa na padre wake.
Zaka: fungu la kumi la mazao (kwa Wakristo). Waislamu nao hutoa zaka, kwa hesabu ya sheria yao.
Mtawa: mtu aliyeacha ndoa na mali ili aishi kwa sala na kazi pamoja na wenzake.
Mtaguso: mkutano mkubwa wa viongozi wa kanisa.
Ngoto: malipo madogo ya mlimaji kwa ukoo wenye ardhi, katika Uluguru.
Kwaresima: mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kaeni katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wajibu. Mwenye kalamu aandike mliyokubaliana.

1. Sikukuu ilimsaidiaje mkulima wa Ulaya mbele ya bwana wa shamba? Katika kijiji chenu, siku gani za mapumziko zinaheshimiwa na watu wote?
2. Kwa nini watu wengine waliokombolewa walitoroka vijiji vya misheni? Je, ungekuwa wewe ungekaa au ungeondoka? Toa sababu.
3. Waulizeni wazee: zamani mwali alifundishwa nini ndani? Lipi katika hayo lingefaa kufundishwa bado, na lipi liachwe?
4. Wakulima wa Ujerumani mwaka 1525 walidai nini juu ya zaka? Je, michango ya kijijini kwenu husomwa mbele ya watu? Mara ngapi kwa mwaka?
5. Kila mmoja alete karatasi moja aliyonayo nyumbani yenye jina lake: cheti, risiti au kadi. Isomeni pamoja. Je, jina, tarehe na mahali vimeandikwa sawasawa?